Jina la Karata ya Kumi na Tatu

Jioni ile Noelie alitoka kwenda kununua panisi tu. Dada yake Clarisse, aliyekuwa katika mwezi wa mwisho wa mimba, alikuwa amezitamani tangu asubuhi: vile vipande vya unga wa dengu vinavyokaangwa bandarini Marseille na kuuzwa vikiwa bado vinachuruzika mafuta. Katika nyumba ile, Clarisse akitamani kitu, hakuna aliyebishana naye. Mimba mbili zilikwisha kuharibika kabla ya hii.

"Zinyunyiziwe pilipili manga," Clarisse alimwambia mdogo wake mlangoni. "Na usipitie kwa yule mchawi wako."

"Si mchawi, dada. Ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini? Wa kuwadanganya wajane?"

Noelie alicheka, akajifunga skafu, akatoka. Alinunua panisi. Kisha akapitia kwa mwalimu.

Madamu Roubaud alikaa juu ya ghala la sabuni, na ngazi za kupandia kwake zilinukia mafuta ya zeituni hata wakati wa baridi. Tangu majira ya kupukutika majani, Noelie alikuwa akijifunza kwake karata za taroti, zile za kubashiria, kwa haja moja tu, ambayo mwalimu aliijua: alitaka kuziuliza mwenyewe kama mtoto huyu wa tatu atakaa. Bibi yule alikuwa amekataa kabisa kumsomea. "Nikikusomea mimi," alisema siku ya kwanza, "utaniamini au utanikatalia, na yote mawili yatakuumiza. Jifunze usome kwa macho yako."

Jioni hiyo ilikuwa ya mtihani. Upepo wa kaskazini uligongagonga mbao za madirisha. Madamu Roubaud alizipanga karata mezani kwa mfuatano wake, na Noelie akawa anaitaja kila moja, kisha maana yake, kisha maana yake ikilala kichwa chini. Mkaa Pweke na taa yake: anayetafuta polepole. Gurudumu: kinachopanda kitashuka. Aliyetundikwa kwa mguu mmoja: huyu hafi, anangoja.

Iliyofuata ilikuwa na mifupa mitupu iliyosimama juu ya udongo mweusi, ikifyeka kwa mundu mrefu. Miongoni mwa majani kulikuwa na mikono, na vichwa viwili, kimoja kikiwa na taji. Karata nyingine zilikuwa na utepe chini ulioandikwa jina. Hii haikuwa nao.

"Kumi na tatu," Noelie alisema, kama alivyofundishwa. "Kufyeka shamba. Kinachokwisha ili kingine kipate nafasi."

"Endelea."

"Kiasi. Malaika anayemimina maji kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine."

Alipomaliza, bibi aliegemea kiti na kumtazama kwa furaha isiyojificha. "Mimi nilihangaika miaka, mwanangu. Wewe umetumia ujanja gani?"

Noelie aliona haya kidogo. "Nimezipa sura za watu ninaowajua. Haki, kwa mfano, ni Zoé muuza samaki, kwa sababu ya mizani."

"Mizani ya Zoé? Basi haki imeoza!"

"Na Mfalme ni shemeji yangu Toussaint. Baada ya kula hukaa vilevile, mguu juu ya mguu, akingoja kahawa iletwe."

Walicheka wote wawili hadi bibi akafuta machozi. Kisha, akiwa bado anatabasamu, aliweka kidole kando ya ile karata ya mifupa.

"Na hii?"

"Hiyo sikuipa sura ya mtu, Madamu. Nisingethubutu kumvika mtu mauti. Niliipa jina tu, la kizamani, ambalo simjui mtu mwenye nalo. La kunisaidia kukumbuka."

Tabasamu la bibi lilikatika.

"Ulilitamka?"

"Kila jioni. Nikirudia masomo jikoni."

Nje, upepo ulikuwa umetulia ghafla. Noelie alisikia harufu isiyokuwa ya sabuni... harufu ya udongo uliolimwa sasa hivi, mbichi, wenye mizizi iliyokatwa.

"Sikiliza," Madamu Roubaud alinong'ona. "Katika karata hizi, Mwendawazimu ana jina, hana namba. Ndiyo maana huzurura popote. Huyu ana namba, hana jina. Ulidhani wachoraji walisahau? Mwenye namba hungoja zamu yake. Mwenye jina huitwa."

"Basi sitalitamka tena. Jina lenyewe ni..."

"Usiniambie!" Bibi alimziba mdomo kwa kiganja kilichokuwa baridi kama bati. "Mimi usiniambie. Wewe nyamaza nalo. Na uombe asitokee mwingine wa kuliita."

Noelie alirudi nyumbani mbio. Panisi zilikuwa zimepoa na kugandamana.

"Zimekufa hizi," Clarisse alilalamika, lakini alizila zote, akilamba vidole, miguu ikiwa juu ya kigoda. Mara alishtuka, akacheka, akashika ubavu wake. Mtoto alikuwa amepiga teke. Clarisse aliinamisha kichwa juu ya tumbo na kusema kwa upole:

"Tulia, Elzear. Mama anakula."

Sahani aliyoishika Noelie iligonga ukingo wa beseni.

"Umemwitaje?"

"Aa! Limenitoka." Clarisse alifunika mdomo, akicheka. "Usimwambie Toussaint. Unajua jina halitajwi kabla ya ubatizo. Hata yeye hajalisikia."

"Umelitoa wapi, dada?"

"Sikulitoa popote. Lilinijia tu, nimelala hapo chumbani."

Kati ya chumba kile na jikoni kulikuwa na ukuta mwembamba wa mbao. Noelie aliushikilia ukuta huo kwa matumaini yake yote. Bila shaka dada yake alikuwa amemsikia akirudia masomo, na jina likamwingia katika usingizi. "Ilikuwa lini?" aliuliza.

"Wakati wa zabibu. Nilipojua tu kwamba ni mjamzito."

Wakati wa zabibu, kabla majani hayajaanza kupukutika, Noelie alikuwa hajashika karata hata moja. Basi akaligeuza wazo upande wa pili: yeye ndiye aliyemsikia dada yake.

"Na huwa unamwita kwa sauti?"

"Kwa sauti? Thubutu! Moyoni tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kulitoa mdomoni."

Noelie alipiga magoti mbele ya kigoda, akamshika dada yake mikono yenye mafuta. Alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Clarisse alisikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka.

"Nibadilishe jina la mwanangu kwa sababu ya makaratasi ya kikongwe?"

"Nakuomba, dada. Mwite Blaise. Mwite chochote."

"Wale wawili sikuwapa jina, Noelie. Niliogopa. Nikasema nitawapa wakishafika." Sauti yake ilishuka. "Hawakufika. Huyu nimempa jina mapema, na amekaa. Unaniambia nimnyang'anye?"

Noelie aliiachia mikono ya dada yake.

Kesho yake, jua likizama, alipanda tena zile ngazi zenye harufu ya zeituni. Mlango haukufunguliwa. Alisikia tu pumzi za bibi upande wa pili wa ubao.

"Amepatikana wa kuliita," Noelie alinong'ona kwenye tundu la ufunguo. "Ni dada yangu. Ndilo jina la mtoto."

Pumzi zilisimama.

"Nifanye nini, Madamu? Niambie la kufanya."

"Wewe hukulibuni jina hilo, mwanangu," sauti ilisema hatimaye, ikitetemeka. "Mliambiwa, wewe na dada yako."

"Na nani?"

Noelie aligonga ubao kwa ngumi.

"Madamu! Nimzuie vipi?"

"Umzuie mama kumwita mwanawe? Hilo nani aliliweza?" Kisha nyayo zikaburuzika, zikaenda mbali na mlango.

Mtoto alizaliwa kabla mwezi haujaisha. Mvulana, mzito, mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Alibatizwa Elzear, na Toussaint, aliyekuwa kondakta wa tramu, akalitangaza jina hilo kwa abiria kama jina la kituo. Noelie alikaa macho kando ya kitanda cha kubembea, akihesabiwa na wote kuwa mama mdogo mwenye wazimu wa mapenzi. Mtoto alinyonya, akanenepa. Pole kwa pole, Noelie akaanza kulala.

Ndipo ikafika jioni moja ya upepo. Dada wawili walikuwa jikoni, Clarisse akikanda unga, Noelie akimenya vitunguu saumu. Chumbani mtoto alianza kulia kwa hasira.

"Elzear, nyamaza baba, mama anakuja!" Clarisse aliita.

Kilio kilikatika papo hapo.

Kisha, kupitia ukuta wa mbao... kwii... kwii... Kitanda kilikuwa kinabembezwa.

"Toussaint amewahi leo," Clarisse alisema, akiendelea kukanda.

Ufunguo uliguna kwenye mlango wa nje. Toussaint aliingia, kofia kichwani, mkate kwapani. "Mbona mnanitazama kama mkaguzi wa tiketi?"

Noelie alikuwa wa kwanza kufika chumbani. Hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa amelala, anapumua, mashavu yana joto. Blanketi lilikuwa limemzunguka kwa nguvu na kufungwa katikati kwa ncha zake lenyewe, fundo limesokotwa na kuchomekwa chini.

"Nani kamfunga mtoto kama mganda wa ngano?" Toussaint aliuliza, akicheka begani kwa Noelie. "Babu yangu ndiye aliyefunga hivi shambani, nyuma ya wafyekaji."

"Ni mama mdogo huyo," Clarisse alisema, akijifuta unga. "Asante, Noelie. Angalia alivyotulia."

Noelie alitaka kusema kwamba mikono yake ilikuwa kwenye vitunguu. Alitaka kumziba dada yake mdomo. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa chumbani. Aliinua mkono, akachelewa.

Clarisse aliinama juu ya mwanawe, uso wote umejaa mapenzi, akamwita kwa jina.

Mtoto hakufumbua macho. Ni kitanda kilichoanza kubembea, bila mkono wa mtu.