Dizeli Iliyoganda

Kila asubuhi Solongo ndiye aliyetangulia kuamka. Alitia samadi kavu katika jiko la bati, akachemsha chai ya maziwa na chumvi, kisha akatoka na baba yake, Dashnyam, kuwainua kondoo na mbuzi waliolala. Mwaka huo kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ndefu. Dzudi, baridi kali inayoua mifugo, ilikuwa imeingia: theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena, na sasa barafu ilifunika majani kama bamba la chuma. Kondoo waliikwangua kwa kwato mpaka wakatoka damu.

"Yule mweupe naye hakuinuka," Solongo alisema.

"Nimemwona," baba alijibu, akapita.

Tumaini lao lilikuwa nyasi kavu zilizokuwa zikigawiwa katika ghala la wilaya, ng'ambo ya kilima. Mchana ule Shangazi Handsuren, dada yake baba, alifika na lori lake ili kesho yake wakazichukue. Alishuka akiwa ameshika kiuno.

"Lori hili limezeeka mpaka linataka niliamkie shikamoo," alisema, kisha akampa Solongo chupa. "Kituoni dizeli ya baridi imekwisha. Hii iliyomo tangini ni ya kiangazi, na baridi ya leo itaigandisha kama mafuta ya kondoo. Kamimine humo dawa hii yote ya kuzuia kuganda sasa hivi, mafuta yangali na joto la safari. Yakishaganda, dawa haifui dafu."

"Niachie mimi, shangazi."

Solongo alivua glavu ili afungue kifuniko, na vidole vikafa ganzi papo hapo. Chupa ikamponyoka, ikagonga ngazi ya lori, ikapasuka. Dawa ikazama thelujini, ikaacha doa la samawati. Alisimama akilitazama. Aliwaza jinsi baba asivyosema neno siku hizi. Akalifukia doa na vipande kwa kiatu chake, akarudi ndani.

"Umemimina?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

"Basi wewe ni dereva mwenzangu. Kesho tutakwenda sote wawili, baba yako abaki na mifugo."

Asubuhi lori liliwaka, kwa kuwa shangazi alikuwa ameweka karai la makaa chini ya injini. Lakini walipofika bondeni, kabla ya kilima, injini ilikohoa mara kadhaa, ikazima. Shangazi alifungua chujio la mafuta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito, mfano wa utando wa mafuta juu ya supu iliyolala.

"Chujio tu limeziba," alisema. "Mafuta yenyewe yana dawa." Akafunga chujio jipya, la mwisho alilokuwa nalo. Akawasha, akawasha, mpaka betri ikaanza kuguna. Chujio jipya nalo likaziba. "Huyu muuzaji wa dawa kaniuzia maji nini? Haya, tungoje jua lipande. Mafuta yenye dawa hulegea hata kwa jua dogo."

Wakaketi wakingoja. Pumzi zao ziliganda kwenye kioo. Solongo hakuzisikia tena nyayo zake, na alipogeuka aliona kope za shangazi zimekuwa nyeupe. Jua lilipanda, wala halikuwa na joto lolote.

"Shangazi," alisema. "Dawa haimo."

"Unasemaje?"

"Chupa ilivunjika. Niliogopa."

Handsuren alifungua mlango wa lori. "Tumekaa hapa tunaganda bure," alisema. "Shuka."

Alibomoa mbao za ubavuni mwa lori, akawasha moto mbali kidogo, akangoja mpaka ukabaki makaa. Karai la makaa akalisukuma chini ya tangi, akalizungushia tangi mablanketi. "Usisogee," alimwambia Solongo. "Hii si kazi ya mtoto. Hata ya mtu mzima si salama, ila hatuna nyingine." Mafuta yakalegea polepole. Alisafisha machujio, akarudi kwenye usukani. Betri iliguna, ikaguna tena, na ilipokaribia kukata roho, injini ikashika.

Walifika ghalani alasiri. Mlinzi alikuwa akifagia.

"Mngekuja asubuhi," alisema. "Zimekwisha. Labda haya mabaki."

Wakajaza mabaki katika magunia machache. Walipokuwa wakirudi, shangazi alisema neno moja tu juu ya jambo lile: "Mimi sitamwambia baba yako. Mdomo uliodanganya ndio utakaosema."

Magunia hayakudumu. Baada ya siku chache mizoga ilipangwa nyuma ya zizi kama kuni, na waliobaki hai walisimama wakitetemeka, wakilana manyoya. Hapo ndipo Solongo alipomwendea baba, aliyekuwa akimvuta kwa kamba mbuzi aliyekufa, akamweleza yote.

Dashnyam aliiachia kamba.

"Chupa kuvunjika si kosa," alisema. "Ajali haina kinga. Ungeniambia siku ile, ningekwenda kwa jirani kuomba dawa. Nikikosa, ningepasha tangi kabla ya safari. Hukutunyima dawa, mwanangu. Ulitunyima nafasi ya kutafuta njia nyingine."

"Wasingekufa?"

"Wengine wangekufa tu. Ni wepi, sijui, nawe hutajua kamwe. Hilo utakaa nalo."

"Na sisi, mifugo ikiisha, tutahamia mjini?"

"Huenda." Alitazama zizi. "Kitu kikikuharibikia mkononi, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka kwa woga. Ukweli uliochelewa tunaupokea, lakini haurudishi kilichokwenda."

Solongo alifuta machozi kabla hayajaganda. Baba hakumkumbatia, wala hakumfukuza. Aliinama, akamshika yule mbuzi kwa miguu ya mbele.

"Shika huko nyuma," alisema. "Ni mzito."

Solongo akashika, wakaenda naye pamoja.