Chupa za Mama Mkwe

Siku hiyo duka la vitambaa la jumla lilikuwa limefurika watu kama vile vitambaa vinagawiwa bure. Msichana mmoja fundi cherehani, mwembamba, ndani ya gauni la kijani alilolishona mwenyewe, aliliona jora la mwisho la mahameli ya buluu limelala juu ya kaunta. Akalikamata. Upande wa pili ukakamatwa na mkono mpana wenye vumbi la sponji.

"Kaka, nimetangulia."

"Umetangulia kuliona, dada. Mimi nimetangulia kulishika."

"Unalipeleka wapi?"

"Kwenye kochi."

"Kochi! Kitambaa kizuri hivi watu wakakikalie? Mimi nina mama wa bibi harusi anakisubiri."

"Na mimi nina kochi liko uchi."

Msichana akacheka mpaka akaliachia. Yule fundi makochi, badala ya kuondoka nalo, akamwambia muuzaji alikate katikati. Walipofika mlangoni walikuwa wamepeana namba za simu, na msichana keshapachikwa jina la Mahameli. Naye akampachika kijana la Kochi, wakawa wamelipana.

Simu zikaanza.

"Mahameli wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Maji umekunywa?"

"Hee, na maji nayo unaulizia?"

"Si uliniambia daktari anataka unywe maji mengi? Mimi udaktari sina, ila vocha ninayo."

Mahameli alikuwa amemwambia mapema, bila kuzungukazunguka. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja na kukwama kwenye mishipa, mtu akalia kwa maumivu ya mifupa. Ndio uliomfanya aishie darasa la saba, maana kitanda cha hospitali alikizoea kuliko dawati. Tangu aanzishiwe vidonge vya kila siku alikuwa na nafuu kubwa. Wanaume waliosikia habari hizo kabla ya Kochi walipotea kama moshi. Kochi hakupotea. Alimpeleka kwa mama yake.

Mama yake Kochi aliuza dawa za mizizi, na kwa dawa hizo aliwalea wanawe baada ya kufiwa na mume. Alimtazama Mahameli viganja, akamfunua kope, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii damu nitaiosha mimi. Vile vidonge uviache taratibu, vitakuchosha ini."

"Ndiyo, mama," Mahameli akajibu.

Hapo ndipo alipoteleza. Kila wiki Kochi alimletea chupa ya maji ya mizizi, ya kahawia, machungu ya kukunja uso. Kila wiki Mahameli alishukuru, akameza kidonge chake cha hospitali, akaimwaga chupa kwenye sinki.

"Hilo sinki sasa lina afya kutushinda," shoga yake aliyeshona naye chumba kimoja alimtania. "Mwambie ukweli mama wa watu."

"Nitamwambiaje? Nikiikataa dawa yake nimemkataa yeye."

Basi akiulizwa anajibu kwamba anainywa na ni mzima, na kweli alikuwa mzima. Hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Alasiri moja Kochi alikuwa amekuja kumtembelea kazini, amekaa kwenye stuli akimenya machungwa, wakati mwanamke mmoja aliposimama mlangoni amemshika mkono binti yake mdogo. Macho ya yule mtoto yalikuwa na umanjano ambao Mahameli aliujua kutoka kwenye kioo chake mwenyewe.

"Wewe ndiye mkwe wa mama wa dawa?" mwanamke akauliza. "Ametuambia umeacha vidonge na umepona. Na mimi nataka nimwachishe huyu."

"Mwambie, mpenzi," Kochi akasema, anatabasamu kwa fahari.

Mguu wa Mahameli ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Alimtazama mtoto, akamtazama Kochi, akajua kwamba leo lazima amuumize mmoja wao.

"Usimwachishe, dada yangu. Mimi sijaacha vidonge hata siku moja."

"Na ile dawa?" Kochi akauliza.

"Sijaionja zaidi ya tone. Naimwaga."

Mwanamke akashika kifua, akamvuta mwanawe karibu, akaondoka akimshukuru. Kochi aliweka chini kisu cha machungwa.

"Mama yangu ana magoti mabovu. Anachimba, anaosha, anachemsha. Wewe unamwaga?"

"Kochi, niliogopa kumuumiza."

"Kwa hiyo ukaona bora umfanye mjinga. Na mimi nazunguka kwa wateja wangu nawahubiria!"

"Kochi..."

"Usiniite hivyo."

Akatoka. Simu ya Mahameli ikanyamaza tangu jioni ile. Alipopiga yeye, iliita mpaka ikachoka.

Mvua za baridi zikaja. Mahameli alinyeshewa akashona vivyo hivyo na nguo mbichi, maji ya kunywa akayasahau, maana aliyekuwa akimkumbusha hayupo. Maumivu yakamkamata mgongo na miguu kama mifupa imebanwa kwenye mlango. Shoga yake akamkimbiza hospitali, kisha akaichukua simu ya mgonjwa bila kuomba.

"We Kochi, shemeji yangu wa zamani, mwenzio amelazwa. Hizo hasira zilete huku huku, ukasirike umemshika mkono."

Kochi alifika anahema, fulana imejaa nyuzi za makochi. Nyuma yake alikuja mama yake na mtandio mweusi, akasimama miguuni pa kitanda akiitazama dripu inavyodondoka.

"Mtoto wa watu angeachishwa dawa kwa neno langu," mama akasema.

"Kwa neno langu, mama. Mimi ndiye niliyesema nainywa. Nisamehe."

"Ungeniambia tu kwamba ni chungu."

"Ni chungu kweli, mama."

Mama akacheka, machozi yakamtoka humo humo. Daktari alipopita, msichana wa rika la Mahameli, mama akamkabili. "Haya mwanangu, niambie wewe. Dawa yangu ina ubaya gani?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Mama, sijui, na kutojua ndiko kunakonitisha. Vidonge hivi vimepimwa kwa watu wengi, na hata yeye tunamchukua damu kila mara kuangalia kama vinamdhuru. Mizizi yako ikikutana navyo tumboni itafanya nini, hakuna aliyepima. Siidharau. Siwezi tu kumbahatishia."

"Na kumkanda miguu kwa mafuta ya uvuguvugu?"

"Taratibu, pale anaposema anapata raha. Hapo mimi na wewe tuko pamoja."

Mama akavua bangili, akatoa mafuta mkobani, akayapasha viganjani, akaanza kukanda. Kochi alishika mkono usio na sindano, hakuuachia mpaka Mahameli akapitiwa na usingizi.

Mahameli alipokwisha kupona akarudi kwenye cherehani, Kochi alikuja amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Shoga yake akakumbuka ghafla kwamba anahitaji uzi wa dukani.

"Natoka kupima damu," Kochi akasema.

"Unaumwa?"

"Nataka kujua kama na mimi nimebeba selimundu bila kuumwa. Daktari anasema ni muhimu kwa watoto. Majibu kesho."

"Si ungekuja hiyo kesho, ukiwa unajua?"

"Nikija kesho na majibu mazuri, utasema damu ndiyo iliyoniruhusu. Nimekuja leo sijui lolote. Nataka kukuoa."

"Na wakisema umebeba?"

"Nitaogopa, sitakuficha. Tutamuuliza daktari njia zilizopo, tuamue. Lakini nitakuwa nimeshakuuliza."

Mahameli akaiinamia nguo iliyokuwa kwenye cherehani, akamalizia mshono, akakata uzi kwa meno.

"Majibu yanatoka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Nipitie basi. Tukayasikie wote."

"Hiyo ndiyo 'ndiyo'?"

"Niletee hicho kitenge cha mteja nikikunje," akasema, uso umemchanua. "Halafu unipeleke kwa mama, nikamwambie mimi mwenyewe."