Sikio la Mtoto

Soko la Kakamega lilikuwa limefurika siku Nasambu aliposimama mbele ya kibanda cha vipodozi cha Swaibu, gauni la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, akaulizia mafuta ya nazi.

"Ya nazi tu? Wenzako wanaulizanga mkorogo wa kung'arisha ngozi."

"Kwani rangi yangu imekukosea nini?"

"Hiyo usiiguse, mrembo. Ukiigusa nitalia."

Wakacheka, na mapenzi yakaanza hapo hapo. Mkorogo wenyewe Swaibu aliuchanganya kwa mikono yake na kuuza bila haya. Biashara ni biashara, ndivyo alivyojidanganya.

Nasambu aliposhika mimba, Swaibu alimpeleka kwao Mumias. Bi Umi, mamake, aliitikia salamu huku akimkagua mgeni juu mpaka chini.

"Sisi damu yetu ni ya Kiarabu, binti. Enzi za mkoloni babu yetu hakuvaa kipande cha utambulisho shingoni kama watu weusi. Kwetu hatujazoea rangi hii."

Uarabu gani, jamani! Babu alikuwa Mluhya mtupu, alijiita Mwarabu ili asisumbuliwe. Swaibu alilijua hilo, naye akanyamaza. Mkoloni alishaenda zake, kipande kikatupwa, lakini ule uongo ulikuwa bado umekaa sebuleni unakunywa chai.

Nasambu akahamia kwa dada yake, huko Matete. Kila wiki rafiki yake Ashley alimnunulia kopo la mkorogo kibandani, na Swaibu hakujua linakwenda wapi.

"Beb, mbona unanikwepa?" Swaibu alilalamika kwenye simu. "Umepata mwingine?"

"Sina mwingine. Nitakuja nikiwa tayari."

"Tayari kwa nini? Basi kaa naye!" Akakata.

Aliyempigia baadaye ni Ashley. "Nasambu amezaa kwa upasuaji. Kidonda hakishiki nyuzi. Daktari anasema ngozi imeharibiwa na mkorogo."

Swaibu alifika wodini anahema. Uso wa Nasambu ulikuwa mwekundu, umechubuka, ila masikio na vifundo vya vidole vilibaki vyeusi. Alama hizo alizijua vizuri mno.

"Mkorogo ni wangu?"

"Ni wako. Nilitaka mama yako anipende."

Swaibu alilia kwa sauti, wagonjwa wakageuka. "Nitakuoa, mpenzi wangu. Kibanda nakifunga leo."

"Siku ile ungesema neno moja tu, Swaibu."

"Nitasema. Wallahi nitasema."

Nasambu akamshika mkono, akatabasamu kwa shida.

Bi Umi akaingia na buibui lake jipya. Hata pole hakutoa. Alimnyanyua mtoto, akakunja sikio lake, kama wamama wafanyavyo kutabiri rangi ya mtoto akikua.

"Jeusi," akasema. "Huyu hakufuata kwetu."

Nasambu alimtazama Swaibu, akangoja.

"Mama..." Swaibu alianza. Kisha akainamisha kichwa.

Nasambu akauachia mkono wake.

"Nipe mwanangu," akamwambia Bi Umi. Alimlaza mtoto kifuani, mbali na kidonda, akamfunika masikio kwa leso. "Nakupenda, Swaibu. Lakini huyu hatakulia kwenu. Mpeleke mama yako nyumbani."