Asali Yangu Ilinuka Sigara

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kola, hapa Machakos. Shule niliachia kidato cha pili, lakini ndoto sikuziachia huko. Nafuga nyuki na mjomba wangu, na kila siku najiona niko na asali yenye jina langu kwenye chupa. Nisikilizeni, wasomaji wenzangu, hasa wewe unayesoma hii ukiwa na sigara mkononi...

Nilianza kuvuta nikiwa nangoja abiria na bodaboda ya kuazima. Baridi ya asubuhi, wenzangu wote wanavuta, mimi nani nikatae? Kabla sijajua, sikuweza tena kukaa mahali. Kanisani nilitoka katikati ya mahubiri ati naenda msalani. Mazishini hivyo hivyo. Hata nikisalimia wazee, mkono ulikuwa mfukoni ukipapasa pakiti.

Halafu nikampata Ndinda. Alinipenda na ndoto zangu zote, hata zile nilizokuwa nazicheka mwenyewe. Kitu kimoja tu hakutaka. Baba yake alikuwa mvutaji, na aliondoka kwa ugonjwa wa kifua. Akaniambia, "Mutua, mimi sitauguza mwanaume mwingine wa kukohoa. Chagua."

Nikaapa nimeacha. Nilidhani kumpenda kutatosha... Kulitosha kwa muda, kisha nikaanza kujificha, natafuna majani ya mpera ndipo niende kumwona. Je, kuna uchovu kama wa kumdanganya mtu anayekuamini?

Familia zikakubaliana. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wasipopelekwa kwa kina msichana, hata mkae pamoja mpaka mzeeke, huyo bado si mke wako. Mbuzi wakapatikana. Nami nikajitapa kwamba asali ya kwenda nao itatoka kwa mizinga yangu.

Siku ya kurina, mvua ilikuwa imenyesha. Mavi ya ng'ombe tunayochoma kwa kopo ili moshi uwatulize nyuki yalikuwa yamelowa, yakawa yanazimika. Nyuki wakachachamaa. Mjomba hakuwepo, na mimi hamu ilikuwa imenishika... Nikawasha sigara. Moshi ni moshi, nikajiambia. Nikapuliza mzingani, nyingine nikazipasua nikamimina tumbaku koponi. Nyuki wakatulia. Nikaonja asali, nikaona ni tamu kabisa. Nikacheka peke yangu kwa ule ujanja.

Kwa kina Ndinda tulipokewa vizuri. Asali ikapelekwa kwa nyanya yake aonje kwanza. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Mwana wakwa," akaniita, "hii mlirina kwa mzinga ama kwa kiosk ya sigara?"

Watu wakacheka. Shangazi mmoja akanusa, akasema kumbe nyuki wa Kola nao wanavuta, waombewe. Mjomba alinusa, yeye hakucheka. Nikachukua bakuli ninuse mwenyewe. Sikusikia harufu yoyote... Nikainua macho nikamwona Ndinda amesimama mlangoni na sahani. Hakuhitaji kuonja.

Aliniita nyuma ya jikoni. "Ungeniambia imekushinda, tungetafuta njia pamoja," akasema. "Lakini wewe uliniapia."

Mbuzi wetu walirudi nyumbani wakiwa hai. Mmewahi kuswaga mbuzi wa ntheo mkirudi nao, kijiji kizima kikiwatazama?

Nikaacha sigara ili Ndinda arudi. Niliacha kweli, na kila nilipompigia simu nilimwambia hivyo. Kisha nikasikia mtu wa Kangundo amepeleka mbuzi wake, na wamepokelewa. Siku hiyo nilivuta mpaka kifua kikauma. Niache kwa ajili ya nani sasa? Sababu yangu ilikuwa imeolewa...

Nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mjomba alikuwa amenikataza kugusa mizinga, lakini asubuhi moja aliniita, akaweka mbele yangu bakuli mbili. "Moja ni ya maua ya mgunga, nyingine ya mchungwa. Nusa uniambie."

Nikanusa. Nikarudia. Zote kwangu zilikuwa kama maji.

"Na ndiyo kazi unataka," akasema, akaondoka na bakuli zake.

Wasomaji, hapo ndipo niliogopa. Si kufa. Habari za kufa nilikuwa nimeambiwa mpaka nikazoea. Niliogopa kuishi miaka yangu yote nikirina kitu nisichoweza kukinusa. Kwa hiyo niliacha, na safari hii sikumtangazia mtu. Nilitembea vilima vya Kola mpaka viatu vikalia. Nilimkaripia mama bure, nikarudi kumwomba msamaha, nikamkaripia tena. Nilirudi nyuma mara mbili, nikaanza upya. Lakini nilikuwa nataka pua yangu, na hakuna mwanaume wa Kangundo angeweza kuniposea hiyo.

Ndugu yangu, dada yangu, nakuomba usipite nilikopita. Usiache kwa sababu ya mpenzi, wala ya mama, wala ya mchungaji. Watakutia moyo, ndiyo, lakini mtu ana miguu, siku moja ataondoka na sababu yako. Tafuta kitu unachokitaka wewe, hata kiwe kidogo, hata watu wakicheke.

Mimi mikono haijatulia bado. Hata hii nimeiandika nikiinuka na kukaa, nikiinuka na kukaa... Lakini nimeimaliza bila kutoka nje.