Shukrani za Bibi Mokami

Kisa kilianza kwa salamu tu. Mteja aliingia getini kwa Wakili Ezra Wangwe, pale Turwa, akafika barazani, akainama mbele ya benchi tupu na kusema, "Shikamoo mama." Akanyamaza kama mtu anayesikiliza. Mwishowe akasema, "Pole sana mama," akageuka na kuondoka bila hata kumwona wakili.

Philomena, karani wa ofisi, aliona yote dirishani. Alidhani ni mlevi. Lakini aliyefuata akafanya vilevile, na baada yake akaja mchungaji wa kanisa naye akafanya hivyohivyo, na mchungaji yule hanywi, angalau si asubuhi.

Ngoja kwanza nieleze Ezra ni mtu gani, msije mkamwonea huruma bure. Alikuwa wakili mwenye tai nyingi kuliko kesi. Watu wa Tarime walishamjua, wakawa wanamkwepa kama dimbwi la njiani. Ndipo akasikia kwamba wenzake wa mijini wanapata wateja kwa tovuti. Naye akatengenezewa ya kwake: picha yake mbele ya vitabu ambavyo hajawahi kuvifungua, na sehemu iliyoitwa "Wateja Wetu Wanasema." Hapo akakwama. Wateja wake walikuwa na mengi ya kusema, ila hakukuwa na hata moja la kuweka hadharani.

Akakumbuka picha moja kwenye simu yake. Ilikuwa ya Bibi Mokami, mjane wa Nyamwaga, siku aliyomletea jogoo wa shukrani kabla hata ya kazi kufanyika, akicheka mpaka pengo likaonekana. Alicheka kwa sababu alimwamini. Shemeji yake alimnyang'anya kiwanja cha Turwa alichoachiwa na mumewe, baraza la ardhi likampa shemeji ushindi, na Ezra akaapa atakata rufaa. Basi bibi akawa anakuja, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, jembe lake pembeni kwa kuwa ametokea shambani moja kwa moja. Ndani Ezra, miguu juu ya meza, anamwambia Philomena, "Mwambie aje kesho." Kesho ikazaa kesho, muda wa rufaa ukapita, bibi akafa. Na sasa sikilizeni ushenzi: Ezra akakinunua kiwanja kilekile kwa shemeji, kwa bei ya kutupa, akajenga ofisi juu yake. Hata lile benchi la ofisi ya zamani akahama nalo.

Picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye tovuti. Chini yake akaandika mwenyewe: "Wakili Wangwe amenirudishia kiwanja changu cha Turwa. Sasa nimo nyumbani kwangu na hakuna wa kunitoa. Bibi Mokami."

"Bosi, huyu si marehemu?" Philomena aliuliza.

"Ndiyo vizuri," Ezra akacheka. "Marehemu hakatai."

Jitu zima, na digrii yake!

Tovuti ikafanya kazi, hilo sitalikana. Simu zikapigwa kutoka Nyambureti mpaka Sirari, na kila mpigaji alisema amevutwa na yule mama anayecheka. Wakaja. Wakafika barazani, wakasalimia benchi, wakatoa pole, wakaondoka. Ezra ndani anangoja na tai yake.

Ni mmoja tu aliyeingia, mkulima mmoja aitwaye Deus. Hakukaa.

"Wakili, nina swali moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mama hapo nje anasema kiwanja hiki ni chake. Ni kweli?"

"Mama yupi?"

"Wa kwenye tovuti yako. Yule mwenye udongo miguuni."

Ezra akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Deus alipotoka, Ezra na Philomena walichungulia barazani. Kwenye vigae vyeupe kulikuwa na nyayo ndogo za udongo mbichi, nazo zilikuwa zikielekea ndani.

Tangu hapo ofisi ikanuka. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya shamba lililolimwa leo, na ya moshi wa kufukizia kibuyu cha maziwa, na mchana jua likiwa utosini ilisikika sauti chini ya sakafu, chwa, kimya, chwa, jembe la mtu mzee asiye na haraka, likianzia barazani, likipita chini ya meza ya Philomena ambaye alinyanyua miguu na kuiweka juu ya kiti huku akisali, likisogea mstari kwa mstari kama walimavyo watu wanaojua mpaka wao unaishia wapi, mpaka likafika chini ya kiti cha wakili na kusimama hapohapo, kana kwamba linapumzika.

Ezra, msomi asiyeamini ushirikina, akatuma gari Nyambureti kumleta mganga. Mganga alikuwa mama mmoja aitwaye Agustina. Alipofika barazani akavua viatu, akasalimia benchi, akasikiliza. Kisha akaomba asomewe yale maneno ya kwenye tovuti.

"Nani aliandika?" akauliza.

"Mimi," Ezra akanong'ona.

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

"Mura, kijana wangu, bibi alikuwa amelala zake huko Nyamwaga. Wewe ndiye uliyeitangazia dunia nzima kwamba yumo hapa na hakuna wa kumtoa. Mimi natoa wageni. Mwenye nyumba simtoi."

"Nifanye nini, mama?"

"Ana binti, Neema, amepanga chumba huko Sirari. Mpe binti kiwanja chake. Bibi ataondoka mwenyewe."

Mngemwona Ezra! Woga wote ukamtoka, ukaingia uchoyo. "Nitoe jengo lote hili? Kwa sababu ya picha?" Akafungua kompyuta mbele yao, akaifuta picha na maneno yake. "Haya. Ameshatoka."

Agustina akavaa viatu vyake. "Maneno yale yalikuwa hukumu, na hukumu haifutwi na aliyeshindwa," akasema, akaenda zake.

Kweli, siku ile jembe lilinyamaza. Ezra akajisifu mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata Philomena alimkuta bosi wake barazani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, peku, suti imejaa udongo mpaka magotini, mikono yake imetoka malengelenge. Macho yalikuwa mlangoni.

"Bosi, mbona huingii?"

"Nangoja zamu yangu," alisema kwa adabu ambayo Philomena hakuwahi kuisikia kwake. "Tafadhali dada, niulizie kama ananiona leo."

Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Huko ndani kiti cha wakili kikalia, kama kinavyolia mtu anapokiegemea na kupandisha miguu mezani. Kisha ikaja sauti ya kizee, tulivu, yenye kicheko cha mtu mwenye pengo.

"Philomena mwanangu, mwambie aje kesho."