Kitanda cha Impi

Raili Heikura tulipakana naye ua. Mambo haya alinisimulia mwenyewe, mezani kwangu, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Alikuwa muuguzi wa kuzungukia wazee majumbani, katika vijiji vya kando ya ziwa, huku kwetu Kainuu, kaskazini ya mbali. Mumewe alikuwa amefariki barafu ilipoanza kuyeyuka, na tangu hapo Raili hakulia wala hakucheka. Alikwenda kazini, akarudi, akalala. Basi.

Asubuhi moja ya Januari jua lilikuwa jeupe juu ya theluji. Alifika kwa Bibi Tekla, kikongwe aliyeishi peke yake, akakuta kahawa imeshachemka na mkate wa iliki umekatwa. Jiko la kuni lilikuwa likinguruma na nyumba ilikuwa na joto zuri.

"Umechelewa, mwanangu. Kahawa ishakuwa lami."

"Barabara, bibi. Hebu lete mkono."

Raili alishika kifundo cha mkono, akatafuta mshipa. Mapigo yalikuja polepole. Moja, kimya, kisha jingine, kama mtu aliyechoka anayepanda ngazi. Akampima joto sikioni. Thelathini na tatu na nusu.

Alidhani kipimajoto kimeharibika. Akajipima mwenyewe: thelathini na sita nukta saba. Akachukua kingine, akakiweka kwapani mwa bibi na kusubiri. Namba ileile.

Kila muuguzi anajua kwamba mzee hupoa upesi, na kwamba mwili ukishuka chini ya thelathini na tano huanza kujisahau: ulimi unakuwa mzito, akili inasinzia, na baadaye hata kutetemeka kunakoma. Lakini Bibi Tekla alikuwa akimimina kahawa bila kumwaga tone.

"Hivyo vidude vyako vimelewa," alisema.

"Unalala wapi, bibi?"

Bibi aliweka birika chini. Alitazama mlango wa chumba cha ndani.

Mle chumbani mlikuwa na vitanda viwili vyembamba. Cha Tekla kilikuwa na shuka zilizokunjamana. Raili akagusa, baridi tupu. Cha pili kilikuwa kimetandikwa vizuri, na blanketi limenyooshwa kama la kitanda cha mgeni. Akaingiza mkono chini yake.

Palikuwa na joto.

Halikuwa joto la jiko. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akalaza kipimajoto pale katikati, akafunika, akangoja. Thelathini na sita nukta tisa.

"Ni cha Impi," Bibi Tekla alinong'ona kutoka mlangoni. "Dadangu. Barafu ya ziwa ilikatika, ikammeza, tukiwa wadogo. Walipomtoa walimlaza hapo. Mama akaniambia nimpashe joto."

Akaegemea mwimo wa mlango.

"Hakuniambia niache lini."

Raili hakuogopa. Alichokumbuka ni kwamba mkono wake ulikuwa bado chini ya blanketi, na hakutaka kuutoa. Joto lile lilikuwa na umbo. Lilikuwa mgongo wa mumewe, alfajiri. Alikuwa ameshapandisha goti kitandani.

"Usilale," bibi alisema. "Hilo joto ni langu. Ukilala utaongeza lako."

Raili akashuka. Akapiga simu, akaita gari la wagonjwa. Lilipofika, bibi aling'ang'ania mlango.

"Nikiondoka atapoa!"

"Amekwisha kupoa, bibi. Amekufa."

"Wewe umemgusa. Haya, sema tena amekufa."

Raili akamvisha koti.

Hospitalini walimpasha joto taratibu, kwa mablanketi na dripu ya uvuguvugu. Kufikia alasiri alikuwa na thelathini na sita. Mapigo yakakaza, mashavu yakawa mekundu. Daktari akasema uzee, na nyumba kuukuu inayopitisha upepo. Bibi Tekla aligeukia ukuta, akalia bila sauti.

"Nani yuko naye?" aliuliza.

Kesho yake, adhuhuri, Raili alirudi kule nyumbani kumchukulia bibi miwani na dawa. Moto ulikuwa umezimika. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Akavikuta vitu vyote jikoni, akavitia mfukoni. Hakuwa na haja ya kuingia chumba cha ndani.

Akaingia.

Kitanda kilikuwa baridi sasa. Shuka zilikuwa kama bati. Alivua glavu, akaingiza mkono, akatulia.

Vidole vikaingia kati ya vidole vyake.

Vidogo. Vya mtoto.

Havikuvuta. Vilishika tu.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Nikakaa," Raili alisema. "Niliona aibu kuutoa mkono. Ungeutoaje?"

Alipotoka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili.

Bibi Tekla hakurudi pale. Alipewa chumba katika nyumba ya wazee, akanenepa kidogo, akafa usingizini majira ya joto. Walimpima hadi siku ya mwisho. Kila kitu kilikuwa sawa. Ile nyumba ilifungwa, umeme ukakatwa, bomba la moshi likazibwa.

Nilimuuliza Raili kama alirudi tena kule. Alizungusha kikombe chake mezani.

"Mtoto anaona baridi," alisema. Ni hilo tu. Alipoinuka alinipa mkono, baridi kama bati, nami nikauachia upesi kuliko adabu inavyotaka. Vuli ile akahamia mji wa Oulu kwa dada yake.

Wiki iliyopita nilipita kwenye ile nyumba ya Bibi Tekla, nikiteleza juu ya theluji kwa ski, mchana kweupe. Theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha, laini, bila unyayo wa mtu wala wa mnyama. Vioo vyote vilikuwa vimeota maua ya barafu. Vyote isipokuwa kimoja, cha chumba cha ndani. Hicho kilikuwa na ukungu, kwa ndani, na tone la maji lilikuwa likiteremka.