Deraya ya Sajini Okot

Sogeeni karibu na sigiri, lakini mlango uacheni wazi, maana hii si ya kusikiliza mkiwa mmefungiwa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Adyero alikuwa anakunja nguo, mchana kweupe, katika nyumba za polisi kule Naguru, akasikia jasho la farasi. Farasi, Naguru! Akanusa nguo moja moja, akanusa hata shuka la binti yake Laker, mpaka akafika penye shati la kazi la mumewe, Sajini Okot. Chini yake kulikuwa na kitu kizito kinachotiririka mkononi kama mnyororo: fulana nzima ya vipete vya chuma.

"Deraya," Okot alikiri alipobanwa. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka ule, naye aliwekwa alinde nyumba moja ya Nakasero ambayo mwenye nyumba, Mhindi, alikuwa akikusanya silaha za mataifa: ngao za ngozi ya kiboko, majambia ya Waarabu, kofia za vita za Waturuki, panga za Makalasinga. Askari waligawana. Wenzake walichukua panga. Yeye alichukua cha kujikinga, kwa sababu Waacholi kama yeye walikuwa wanaitwa mmoja mmoja na watu wa usalama wenye miwani myeusi, wanapandishwa lori, hawarudi.

"Na yai ulikanyaga?" Adyero aliuliza. Kwao, chuma kilichotoka vitani hakivuki mlango kabla mwenye nacho hajakanyaga yai kizingitini.

Okot akacheka. "Yai ni la mkuki, mama Laker. Cha kujikinga hakiui mtu."

Lori likaja. Okot, deraya chini ya shati, alikuwa amesimama uani na jirani yao Opoka. Yule wa miwani akamnyooshea kidole Okot kabisa, kisha kidole kikapinda chenyewe, kama mkuki uliogonga chuma, kikamwangukia Opoka. Baadaye kikamwangukia Odur, aliyekuwa bega kwa bega na Okot kwenye foleni ya sukari. Okot alirudi na sukari. Na ndani ya nyumba vipete vikaanza kulia vyenyewe chini ya kitanda, na Laker akakataa kuketi karibu na babake, akisema baba ana mtu mwingine kifuani, na Adyero alipomsugua mumewe mgongo akakuta vipete vimeacha alama kwenye ngozi, duara juu ya duara, na alama zile zilikuwa zinapumua wakati Okot mwenyewe amebana pumzi.

Akakimbilia mlango wa jirani, kwa Habibah, mama wa Kinubi aliyejua kufukuza majini. Habibah akaja, na alipoinusa tu deraya mbele ya Okot akashika kichwa. Babu yake alipanda farasi Sudan amevaa ya namna ile, juu ya kanzu nene ya pamba.

"Mama Laker, hii inakinga kweli," alinong'ona. "Lakini mkuki ikiukataa, unakwenda wapi? Unakwenda kwa aliye kando. Jini la humu linalala kwa anayeivaa, linakula kwa majirani."

"Okot, umesikia? Vua."

"Nikivua watanichukua."

"Usipovua, kando yako amebaki nani? Mimi na Laker!"

Okot alilia, jamani, mwanamume mzima. Kisha akainua mikono kama mtoto anayevuliwa shati. Habibah akafukiza ubani alasiri ile, Okot akakanyaga yai mlangoni, na kitu kikapita uani kwa kishindo cha kwato, kuku wote wakalala chini. Harufu ikakatika. Habibah akamkabidhi mwanawe Marjan, askari pia, ile deraya ndani ya gunia, akaitupe kwenye kinamasi cha Nakivubo. Jioni Okot alikula akashiba, akambeba Laker begani.

Kesho yake adhuhuri, lori. Safari hii kidole hakikupinda. Marjan alikuwa mmoja wa waliomfunga Okot mikono. Hakumtazama usoni. Adyero aling'ang'ania shati la mumewe, akivutana nao, na hapo akalisikia tena jasho la farasi. Halikutoka kwa Okot.

Habibah naye alilisikia. "Marjan. Umevaa nini?"

"Na mimi naogopa, yumma," kijana akanong'ona. "Cha kujikinga hakiui mtu."

Lori likaondoka na Okot. Mpaka leo.

Jioni Marjan alirudi kula kwa mamake, kama kawaida yake. Habibah alimpakulia, akaiweka sahani mlangoni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Na Adyero, aliyekuwa amekaa chini uani na shati tupu la mumewe, limechanika, mapajani, alimsikia kijana akimbembeleza mamake:

"Mbona unakaa mbali, yumma? Njoo hapa kando yangu."